Feni zinazunguka, kioo ni cheusi

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Nimejiundia kompyuta ya gemu kwa vipuri nilivyoagiza Kariakoo: prosesa ya Ryzen 5 5600, mazabodi ya B450 iliyokwishatumika, ramu mbili za GB 8, kadi ya picha ya RTX 3060 na pawasaplai ya wati 650. Nikiwasha, feni zote zinazunguka lakini kioo hakionyeshi kitu. Fundi wa hapa kasema prosesa imekufa. Ninunue nyingine? – Msomaji wa Ipuli, Tabora

JIBU: Usinunue kitu kwanza. Prosesa kufa ni nadra sana.

Anza na waya wa HDMI: umeuchomeka wapi? 5600 haina picha yake yenyewe (yenye picha ni 5600G), kwa hiyo tundu la HDMI la kwenye mazabodi kwako ni pambo tu. Waya uingie kwenye kadi. Kadi nayo inataka umeme wake, plagi ya pini 8 inayogawanyika 6 na 2. Ile inayogawanyika 4 na 4 ni ya prosesa, huchomekwa kwenye kona ya juu ya mazabodi. Ukiisahau, feni huzunguka vilevile na kukudanganya.

Hapo pakiwa sawa, zima, chomoa umeme, toa ramu zote. Rudisha moja tu, sloti ya pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa, uikandamize mpaka ilie “ta!” Washa, usubiri dakika mbili, maana mara ya kwanza mazabodi huipima ramu taratibu.

Tunachoshuku zaidi ni biosi, ile programu ndogo ndani ya mazabodi inayoiamsha kompyuta. B450 ilitoka 2018, prosesa yako 2022. Mazabodi yenye biosi ya zamani haiijui kabisa prosesa hiyo, na dalili zake ndizo hizo ulizoandika. Tazama nyuma kama kuna kitufe kidogo cha “Flash BIOS”. Kikiwapo, umepona: pakua biosi ya modeli ya mazabodi yako hasa (herufi moja ikipishana si yenyewe), itie kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, badili jina la faili kama mtengenezaji anavyoelekeza, chomeka kwenye tundu la USB lenye alama, bonyeza. Taa itapepesa dakika kadhaa. Usiguse kitu mpaka iache. Kitufe kisipokuwapo, azima prosesa ya zamani ya AM4 (soketi ileile ya yako), mfano Ryzen 5 2600, sasisha biosi, kisha rudisha yako. Njia hii ya pili ifanye kwenye UPS (betri ya akiba). Umeme ukikatika katikati, unabaki na ubao wa kukatia vitunguu.

SWALI: Nikigusa kesi ya kompyuta nikiwa peku inanitekenya. Pawasaplai ni mbovu? – Msomaji wa Ujiji, Kigoma

JIBU: Inaelekea ni soketi: tundu la tatu lipo, waya wa erthi haupo. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita mbili ndogo, moja kutoka waya wa moto hadi kwenye bati la kesi, nyingine kutoka nyutro. Erthi ikikosekana, bati huelea katikati ya volti 230, yaani karibu 115. Mkondo wake ni mdogo, ila ukichomeka HDMI ya TV huku vyote vinawaka, cheche inaweza kuunguza tundu la kadi. Kuvaa kandambili si dawa. Fundi umeme achimbie fimbo ya erthi na kuivuta hadi kwenye soketi. Asiunganishe erthi na nyutro mlemle ndani ya soketi, kwani nyutro ikikatika kesi nzima inabeba volti 230. Na kama inakupiga kwa nguvu badala ya kutekenya, chomoa sasa hivi. Kuna waya wa moto umegusa bati.

SWALI: Pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto, nipake kiasi gani? – Msomaji wa Kaliua, Tabora

JIBU: Punje moja ya mbaazi, katikati, hitisinki (bati la kupoza lililo chini ya feni) itaisambaza yenyewe. Kama feni ni ile iliyokuja kwenye boksi la prosesa mpya, chini yake pesti imeshapakwa, usiongeze.