Maji ya chumvi yanawaka kweli, lakini umeme wa kuyawasha unatoka wapi?

Mkuu uliyeuliza kama ile video ya maji ya chumvi yanayowaka ina maana tutaendesha jenereta kwa maji ya bahari: mwali ule ni wa kweli. John Kanzius wa Erie, Pennsylvania, aliuona akiwa anajaribu mtambo wa mawimbi ya redio alioukusudia kwa tiba ya saratani. Mwaka 2007 Rustum Roy, profesa wa chuo kikuu huko huko Pennsylvania, alirudia jaribio na mwali ukawaka. Kwa hiyo wanaosema ni kiini macho wanakosea. Wanaosema matajiri wa mafuta wameificha teknolojia hii nao wanakosea, na hao ndio wanaowapotosha wengi.

Tazama vizuri ile testi chubu, kichupa cha kioo chenye maji ya chumvi. Mawimbi ya megahezi 13.56 yanapita kwenye maji, gesi ya haidrojeni inachomoka, inawaka juu ya mdomo wa chubu. Ile rangi ya manjano ni ya sodiamu iliyomo kwenye chumvi. Zima mtambo, mwali unakufa papo hapo. Petroli haifanyi hivyo, ukishaiwasha haikudai kitu tena. Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua, ni majivu yake. Kuyarudisha kuwa kuni lazima ulipe.

Bei yake ni hii: kutenganisha lita moja ya maji kunataka nishati ya uniti 4.4 hivi, na mitambo ya kawaida hula uniti 5 na ushee za umeme. Haidrojeni hiyo, takriban gramu 111, ukiichoma kwenye injini ya jenereta inakurudishia uniti 1 hivi. Nyingine zimekuwa joto.

Akija mtu na mashine ya namna hii, usipime mwali. Weka mita ya umeme kwenye plagi ya mtambo mzima, siyo kwenye waya wa kutolea mawimbi, maana kipaza mawimbi chenyewe hupoteza umeme mwingi. Juu ya mwali teleka sufuria yenye lita moja ya maji. Kutoka nyuzi 25 hadi 95 maji hayo hupokea kilojuli 294, sawa na uniti 0.08. Soma mita imekula ngapi, ulinganishe na hiyo 0.08.

Na mnaojaribu kutenganisha maji nyumbani kwa betri na chumvi ya mezani, acheni: kwenye ncha chanya inatoka gesi ya klorini, inachoma mapafu. Mkitumia misumari ya stenlesi kama ncha za kupitisha umeme, lile tope la kijani-kahawia lina kromiamu yenye sumu, lisimwagwe shambani.