Mbege kupasua chupa

Dada uliyeuliza kwa nini mbege, ile pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi, ilipasua chupa na kumwagika garini, pole na viti vya gari. Hujauziwa mbege mbovu hapo Marangu. Uliuziwa mbege hai ukaifungia kwenye chupa ya soda na kukaza kifuniko, halafu ukashuka nayo kwenye joto la Moshi mjini. Ndizi zilizochemshwa zimeshachacha, lakini uji wa kimea cha ulezi uliochanganywa nazo unaendelea kuchacha hata baada ya kuuzwa, na kila dakika unatoa hewa ukaa. Isipopata pa kutokea, inapasua.

Ule uchungu unaokuacha ukilamba midomo si wa kuharibika. Ni msesewe, gome la mti, linatiwa makusudi kukata utamu wa ndizi. Kuna mama anapika kule kwetu Kibosho akizidisha kidogo tu wazee wanarudisha kata bila kusema neno.

Iliyoharibika utaijua kwa pua: inanuka siki, na ukinywa inakwangua koo. Ile inafaa kumwagia migomba.

Safari nyingine beba dumu, acha nafasi juu, kifuniko usikaze, na inywe siku hiyohiyo. Kesho yake itakuwa kali zaidi, wapo wanaoipenda hivyo, mimi simo. Na itikise kabla ya kumimina, ulezi unatuama chini. Usiichuje, jamani! Ukichuja unabaki na maji ya ndizi.

Ila kama unaendesha, mpe abiria.