Mikono yenye mafuta ya korosho haishiki kitabu

Swali lenu la wiki hii linasema: unasoma riwaya gani sasa, na je, huwa unawasomea wenzako kipande chake? Nasoma Peponi ya Abdulrazak Gurnah, na ndiyo, nawasomea watu. Nawasomea karibu kila jioni kwenye baraza ya nyumba yetu hapa Mikindani, Mtwara, na naomba mnivumilie nikieleza kwa urefu, maana jambo hili nalipenda mno.

Mimi ni fundi cherehani. Ikifika saa kumi na moja jioni nafunika cherehani, na majirani wanaanza kuja na korosho zao. Msimu ukiingia, kuanzia Oktoba hivi, korosho nyingi zinakwenda ghalani kusubiri mnada, lakini kila nyumba inabakiza kidogo za kubangua, za kula na za kuuza kwa vifuko stendi. Asiyeijua kazi hiyo ajue kwamba korosho inakaangwa kwanza kwenye bati lililotobolewa, mafuta ya ganda yanashika moto na kuruka, na moshi wake unakaba koo. Zikipoa, unakaa chini na jiwe na kigongo, unagonga moja moja. Pigo likizidi, kokwa inapasuka na bei yake inaanguka. Yale mafuta yanachoma ngozi. Wanawake wanajipaka majivu vidoleni, na bado vidole vinabaki vyeusi wiki nzima. Mikono ya namna hiyo haishiki kitabu, ila masikio hayana kazi. Ndiyo tukakubaliana kuwa mwenye mikono safi asome.

Peponi niliiagiza Dar es Salaam, ikaja na basi. Gurnah ni mzaliwa wa Unguja, ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya hii aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, na kwa Kiswahili tumeipata 2022 kwa mkono wa Ida Hadjivayanis. Inamhusu Yusuf, mtoto aliye katika mwaka wake wa 12, anayeondolewa kwao na tajiri aitwaye Aziz, zama za misafara ya bara kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Jioni moja barazani sikuanza mwanzo. Nilifungua pale Yusuf ameshafika dukani kwa tajiri, na Khalil, kijana aliyemtangulia, anamwambia kwamba huyu mtu si ami yake hata kidogo, na kwamba yuko pale kwa sababu baba yake anadaiwa. Nikasoma nusu ukurasa tu, nikafunga kitabu.

Mawe yote yalinyamaza. Kisha jirani yangu wa mlango wa pili, mama mtu mzima aliyeishia darasa la nne, akasema, "Hiyo ni kangomba. Kangomba ya mtoto."

Kwa msiotoka huku: mkulima anabanwa Julai au Agosti, anataka hela ya salfa ya kupulizia mikorosho, au mtoto anadaiwa michango shuleni. Anachukua fedha kwa mchuuzi, na korosho ambazo bado ni maua juu ya mti zinakuwa si zake tena. Msimu ukifika anakuja kupimiwa kwa bei ya kutupa. Hiyo ndiyo kangomba. Imepigwa marufuku, na bado watu wanaumia nayo. Mama yule aliwahi kupoteza mavuno ya msimu mzima hivyo hivyo. Mimi ukurasa ule nilikuwa nimeshausoma mara mbili peke yangu, nikamwonea huruma mtoto aliye ugenini, basi. Deni lilinipita. Yeye alilisikia mara moja, huku anagonga korosho.

Mwingine akauliza, "Na mama yake alikuwa wapi?" Hapo ndipo baraza ilipowaka. Kuna waliosema mama alijua akanyamaza, kuna waliosema mwanamke wa zama zile angesema nini, mmoja akaapa kwamba yeye angelala mlangoni wampite juu yake. Walibishana mpaka adhana ya magharibi. Sikutia neno. Ingekuwaje nianze kuwaeleza misafara ilikuwaje, watu waliozaliwa Mikindani, mji ambao misafara ya kwenda Ziwa Nyasa ilianzia, na magofu ya nyumba za mawe yapo hatua chache kutoka tulipokaa?

Shuleni kipande cha riwaya tulikijua kama dondoo la mtihani: maneno haya kayasema nani, akimwambia nani, toa dhamira tatu. Jambo hilo linaniuma kwelikweli. Watu wazima wengi ninaowafahamu ukiwatajia riwaya wanakumbuka alama walizokosa. Kwa hiyo barazani siulizi swali, wala sielezi maana. Nasoma, nanyamaza.

Ila mahali pa kukata pana uzito wake, na hilo nililijua kwa kukosea. Mwaka fulani nilikuwa nasoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ile iliyotoka 1971 ikakatazwa mashuleni. Nikapiga picha aya moja ya mapenzi, nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp la akina mama wa mtaani, kwa sababu niliona imeandikwa vizuri. Kabla ya isha shangazi yangu alikuwa ameshanipigia simu, sauti inamtetemeka, ananiuliza tangu lini nasambaza uchafu. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimemwonyesha binti nikamficha Zakaria, baba yake, na ukali wake ndani ya nyumba ile. Kesho yake nikaenda kwake na kitabu chenyewe, nikamsomea habari za Zakaria na binti zake. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipotaka kufunga akasema, "Endelea, mwanangu." Tulisoma kurasa kumi na moja siku ile. Tangu hapo, nikituma picha ni ya aya moja, na jina la mwandishi, kitabu na ukurasa naandika chini yake. Sura nzima situmi. Hiyo ni riziki ya mtu.

Kabla ya Peponi tulikuwa na Kuli ya Adam Shafi, ya 1979, inayohusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Mzee mmoja aliyebeba magunia miaka mingi bandarini Mtwara alikuwa anapita njia, akasimama kusikiliza. Nilipomaliza akaomba mto, akauweka shingoni pale panapokutana na bega, akainamisha kichwa upande, akatuonyesha gunia la kilo 80 linavyokaa ili mtu asivunjike. Ukiliweka begani peke yake, alisema, hufiki saa nne. Kisha akatembea nalo, yaani na ule mto, hatua sita barazani, polepole, magoti yamekunjika. Kila nikiirudia riwaya ile naona magoti yake.

Juzi yule mama wa mlango wa pili alikuja kabla ya wenzake. Akaniomba nimwonyeshe jina la Yusuf lilipoandikwa. Akafuta kidole kwenye kanga, akakiweka chini ya jina, akasoma herufi moja moja kwa sauti ndogo. Alipokiondoa, kikaacha alama nyeusi kwenye karatasi. Akashtuka, akataka kuifuta kwa pindo la kanga. Nikamshika mkono, nikamwambia aiache.

Akaniuliza baba yake Yusuf alidaiwa kiasi gani hasa. Nikamwambia akae, tutafute.