Kinyume cha meza ni nini?

SWALI: Assalamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni mama wa Langoni, Lamu. Binti yangu yuko gredi ya nne, na wiki jana alirudi na zoezi la kuandika vinyume vya maneno sita: mgeni, mdai, kufuli, nanga, meza na punda. Mgeni na mdai hayakutusumbua. Kufuli tulibahatisha. Yaliyobaki yametutoa jasho. Mamangu alikuwa kando akisikiliza, akasema kinyume cha meza ni "zame", tukacheka hadi zoezi likasahaulika. Je, nomino kama hizi zina vinyume kweli, au watoto wameonewa?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mama. Nianze na bibi, maana yeye kajibu sawasawa kabisa. Kwa wazee wetu wa pwani kinyume si neno la darasani tu. Ni mchezo wa kusema ambao silabi ya mwisho hutangulizwa mbele: nyumba ikawa mbanyu, meza ikawa zame. Watu wazima waliutumia kusemezana mbele ya watoto bila watoto kushika neno, na watoto nao wakaujua mapema kuliko ilivyotakiwa. Askofu Edward Steere, aliyeandika sarufi ya Kiswahili cha Unguja katika karne ya 19, aliuona mchezo huu akaweka na mfano wake. Basi bibi kaulizwa kinyume, katoa kinyume. Shida ni kwamba anayesahihisha daftari hatampa alama.

Kinachotakiwa shuleni ni kinyume cha maana. Hapo vitenzi na vivumishi vina bahati: refu ina fupi yake, kufunga kuna kufungua kwake. Nomino haina kinyume hivi hivi tu. Ina kinyume kwa jambo fulani. Chukua baba. Wengi watasema mama, na wamesema kweli, wamepindua jinsia. Lakini mwana naye ni kinyume cha baba, ukipindua nani kamzaa nani. Majibu mawili, yote sahihi, na hayapigani. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kinyume cha kitu, uliza kwanza: kwa lipi?

Barazani petu tumelifanya hilo kuwa mchezo. Mmoja hutaja kitu cha nyumbani, wengine hutafuta kinyume chake, na sharti ni moja: pindua jambo moja, mengine yaache yalivyo. Kisha useme umepindua lipi. Ukipindua yote umepotea, maana kinyume cha meza kitakuwa nyangumi: hana miguu minne, haishi nyumbani, hakutengenezwa na seremala, wala huwezi kumwekea chai. Vitu viwili visivyofanana kwa lolote havipingani, havijuani tu. Mume na mke wanapingana kwa sababu wanashirikiana karibu kila kitu, kasoro moja.

Jioni moja kijana alitaja kitanda. Mwenzake akajibu kiti: kile cha kulala, hiki cha kukaa. Mwingine akasema mkeka: kile kina miguu, huu hauna. Tukayapokea yote mawili. Kulikuwa na fundi wa majahazi, mtu mzima, kimya na kikombe chake cha kahawa, akasema, "Jeneza." Baraza zima likanyamaza. Akatufafanulia taratibu: "Vyote vya mbao. Vyote vya kulaza mtu. Nimepindua moja tu: wa kitandani ataamka." Alishinda, hakuna aliyebisha. Ila tangu siku hiyo tumekubaliana kitanda kisitajwe baada ya magharibi.

Sasa turudi kwenye daftari la binti yako.

Mgeni ni mwenyeji, na methali imewaweka pamoja: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa ni watu wa pande mbili za jambo moja. Hakuna mgeni pasipo mwenyeji, kama vile hakuna muuzaji pasipo mnunuzi. Jamii hii ndiyo rahisi kuliko zote. Simama upande wa pili wa mlango, au wa kaunta ya duka, umtazame anayekutazama.

Mdai ni mdaiwa, na hapa lugha yenyewe imekupa ufunguo: ile -w- ya kutendwa. Mwajiri na mwajiriwa, mshtaki na mshtakiwa, mfadhili na mfadhiliwa. Mtoto akiishika hiyo atajaza ukurasa mzima. Lakini asiifuate kama kipofu. Mtumwa kwa umbo ni aliyetumwa, ungetarajia kinyume chake kiwe mtumaji. Sivyo. Kinyume cha mtumwa ni muungwana, na hapa kwetu kila mzee analijua hilo bila kufungua kamusi. Neno lilishaacha kitenzi chake likaenda kukaa kwingine.

Kufuli. Mmebahatisha nini? Kama mmeandika ufunguo, mmepata. Neno kufuli ni la Kiarabu na halina kitenzi cha Kiswahili ndani yake, kwa hiyo usilitazame umbo, litazame kwa kazi yake. Kazi yake ni kufunga. Ipindue: kufungua. Kinachofungua ni nini? Ufunguo. Kiswahili kina mlango mzima wa vitenzi vya namna hii, ambavyo -u- au -o- huja mwishoni ikatangua kilichofanywa: ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua, anika na anua, chomeka na chomoa. Nomino zake nazo hufuatana, kama kizibo kinachofunga mdomo wa chupa na kizibuo kinachoufungua. Wataalamu wanaiita kauli ya kutendua. Mimi napenda kuiita kauli ya mama aliyechoka, maana kutwa nzima anafunua, anaanua, anapakua.

Tahadhari, hata hivyo. Si kila -ua inatangua. Kujua si kutangua kuja, wala kuchukua hakutangui chochote. Mjukuu wangu aliwahi kuniletea hoja kwamba kinyume cha mvuvi ni mvaaji, kwa sababu kinyume cha kuvua ni kuvaa. Nilimwambia kuvua nguo na kuvua samaki ni maneno mawili yaliyogongana sauti tu. Akakubali kwa mdomo. Usoni nilimwona bado anaamini kwamba wavuvi wanaivua bahari nguo, na kusema kweli nilitamani kumwachia.

Nanga ndiyo niliyoipenda zaidi katika orodha yenu. Mtoto atakimbilia kung'oa nanga, lakini hicho ni kitendo, na swali linataka jina la kitu. Fanya kama kufuli: nanga ni ya chombo, na kazi yake ni kukizuia kisiende. Acha chombo palepale, pindua kazi. Ni kitu gani cha chombo kinachokifanya kiende? Tanga. Nanga na tanga, herufi moja tu imebadilika. Moja inashushwa chini majini, nyingine inatwekwa juu kwenye upepo. Sidai kwamba maneno haya ni ndugu, hayana udugu. Yameokotana tu, lakini yameokotana vizuri mno.

Na kwa kuwa tuko baharini, mwambie binti yako kwamba baharini vinyume vya nomino vimelala tayari vinasubiri kuokotwa. Omo ni mbele ya chombo na tezi ni nyuma: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Bamvua ni maji yanayojaa na kupwa sana, na kinyume chake ni maji mafu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kusi huja baada yake kutoka upande wa pili, na kaskazini na kusini zikapata majina kwa pepo hizo mbili. Hata mji wetu umegawanyika kwa namna hiyo: Mkomani upande wa kaskazini, nyinyi wa Langoni upande wa kusini. Nani kinyume cha nani, hilo silisemi hapa, nina wakwe pande zote.

Meza sasa. Watu husema kiti, lakini kiti ni mwenzake, si mpinzani wake. Wanakwenda pamoja kama chungu na mfuniko. Tafuta meza inafanya nini: inakiinua chakula kutoka chini, mkakizunguka. Kipi kinawazungusha chakula vilevile, ila chini? Mkeka. Watu ni walewale, sinia ni lilelile, wali ni uleule, kilichopinduka ni kimo tu. Ningempa mtoto alama zote kwa mkeka, mradi aandike kando "kwa kimo". Mkifika hapo kaka yake akadai kinyume cha meza ni tema, mwambieni huyo anazungumzia kitenzi. Meza ya mbao imetoka kwa Wareno, ile ya kooni ni ya kwetu.

Imebaki punda. Aliyekaa Nairobi ataandika gari: wote wachukuzi, mmoja ana roho na mwingine hana. Nalikubali. Lakini mtoto wa Lamu ana jibu lililo mlangoni pake. Punda huchukua mizigo nchi kavu. Pindua nchi kavu iwe bahari, mzigo uwe uleule, mifuko ileile ya saruji inayoshushwa gatini. Kabla ya kupanda mgongoni mwa punda ilikuwa wapi? Ndani ya mashua. Aandike mashua.

Asiyekubaliana na majibu haya aje abishane kwa mchezo wetu: aseme amepindua lipi. Na bibi mwambieni: nteasa nasa.