Mbona dripu ya baba ilisimamishwa na presha bado iko chini?

SWALI: Shikamoo dada muuguzi. Baba yangu, miaka 67, alizidiwa na nimonia, tukamkimbiza Dodoma mjini. Presha ilikuwa 80 kwa 50. Alitundikiwa dripu mbili, kisha daktari akampaka jeli kifuani na kumpima kwa altrasaundi, huku muuguzi akimlaza chali na kumwinua miguu. Dripu ya tatu haikufunguliwa, akawekewa dawa ya mashine. Baba amepona, ila wajomba wanasema tulibaniwa maji kwa kuwa hatuna bima. Ni kweli?
Msomaji, Kibaigwa

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuuguza. Kwa ulivyoeleza, baba yako alikuwa mikononi mwa watu makini.

Kule kuinuliwa miguu ndiko kipimo chenyewe. Miguu ikipandishwa nyuzi 45 hivi, mililita 300 hivi za damu yake mwenyewe hukimbilia moyoni. Ndani ya dakika moja daktari anaangalia kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kwa kila pigo. Kikiongezeka kwa asilimia 10 au zaidi, maji bado yatamsaidia. Kisipoongezeka, miguu inashushwa, damu inarudi ilikotoka, na mgonjwa hajatiwa hata tone. (Msijaribu nyumbani, bila kipimo kifuani hamtaona kitu.)

Moyo ni kama mpira wa manati: ukivutwa kiasi unarusha kwa nguvu, ukishafika mwisho wake kuuvuta zaidi hakusaidii. Maji ya ziada huvujia mapafuni, na mapafu ya baba tayari yalikuwa na nimonia. Ndiyo maana huhamia kwenye dawa ya kubana mishipa, mara nyingi noradrenalini, inayopitishwa kwa mashine kwa sababu dozi yake ni ndogo mno.

Wajomba nawaelewa. Kwetu dripu ikining'inia, ndugu wanaona mgonjwa anatibiwa. Ikitolewa, wanaona ametelekezwa. Lakini mwaka 2011 ulitoka utafiti wa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, Uganda, Kenya na hapa kwetu Muheza. Waliomiminiwa maji ya haraka walifariki zaidi ndani ya saa 48: asilimia 10.5 hivi, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Wale walikuwa watoto, si wazee, lakini tangu hapo wengi wetu hatufungui dripu kwa mazoea.

Kuhara ni habari nyingine kabisa. Mtu aliyekaukiwa kwa kipindupindu anahitaji maji mengi na upesi, na kumchelewesha ni kumuua. Hao watoto wa kuhara hawakuwekwa kwenye utafiti ule.

Mkimpeleka baba kliniki, semeni kama huvimba miguu jioni, au usiku hulala ameegemea mito kwa kukosa pumzi. Hayo, pamoja na dawa zote anazomeza, ndiyo tunayohitaji kuyasikia kabla ya kufungua dripu ya kwanza.