Jibu: rezista inakaa upande wa chipu, SI upande wa sapulai

Usiwashe. Salamu baadaye.

Umeandika kwamba una chipu ya silikoni yenye safu ya nguzo (ndani ya ombwe, volti kubwa inazichomoa elektroni kwenye ncha zake bila joto), skrini ya fosfa inayong'aa elektroni zikiipiga, mbele yake kwa pengo la mikromita 150, na sapulai ya volti 2,000. Ukauliza mambo manne: pampu, nguzo au ncha kali, mita ya mkondo, na fosfa yenyewe. Halafu katikati, kama mtu anayetaja rangi ya boksi, ukasema muuzaji kakuhakikishia sapulai ina ulinzi wa mkondo, hivyo rezista si lazima. Mkuu, hapo ndipo chipu yako inapofia. Hata mimi niliuziwa maneno hayohayo, na jamaa mwenye fulana ya kampuni na brosha inayong'aa. Nilipomrudia akasema sapulai yake ni salama. Ni kweli, sapulai ilikuwa salama salimini. Aliyekufa ni mwingine.

Sasa hesabu, maana wauzaji hawa hawaipigi. Kebo ya koaksia ya kawaida ya ohm 50 ina kapasitansi, yaani uwezo wa kutunza chaji, ya kama pikofaradi (pF) 100 kwa kila mita. Mita mbili ni pF 200. Ukiichaji kwa volti 2,000 umeweka ndani yake milijuli 0.4. Upande wa pili una ncha ya silikoni. Tuseme sehemu yake inayobeba mkondo ina ujazo wa mikromita moja ya ujazo. Kuichukua kutoka joto la chumba hadi iyeyuke yote, nyuzi 1,414, inahitaji kama nanojuli 7. Gawanya mwenyewe: kebo peke yake imebeba nishati ya kuyeyusha ncha hizo zaidi ya elfu hamsini. Bado sijagusa kapasita ya kutokea ndani ya sapulai. Ikiwa ni nanofaradi (nF) 10, hiyo ni milijuli 20.

Na huo "ulinzi wa mkondo" ni saketi inayopima mkondo, inafikiri, halafu inashusha volti. Inachukua milisekunde. Cheche kwenye pengo la mikromita 150 inamaliza kazi yake ndani ya sehemu ya mikrosekunde. Ulinzi unafika msibani wakati watu wanakunja maturubai. Isitoshe, kikomo chenyewe kimewekwa miliampea 1, wakati ncha moja ya silikoni inaishi kwa mikroampea chache tu, mara nyingi chini ya hapo.

Kuna wanaoweka rezista lakini wanaifunga kwenye soketi ya sapulai, halafu ndiyo kebo inafuata. Hao wamejisumbua bure. Chaji ya kebo iko mbele ya rezista, haina haja ya kupita kwenye rezista ili imwagike kwenye ncha. Rezista lazima ikae BAADA ya kebo, iguse pini inayopitisha umeme kwenye ukuta wa chemba ya ombwe. Waya kati ya rezista na pini uwe sentimita mbili, tatu, basi.

Thamani: megaohm 100. Cheche ikipiga, mkondo unaodumu hauzidi mikroampea 20. Usiweke rezista moja. Zile za robo wati za kawaida zinavumilia kama volti 250. Ukiipa moja volti 2,000, umeme unatambaa juu ya ganda lake na unakuwa kama huna kitu. Nunua Kariakoo za megaohm 10 (kahawia, nyeusi, bluu, dhahabu), chomelea kumi kwa mfululizo, kila moja itabeba volti 200. Wati usizihofie, mnyororo mzima hata ukifungwa shoti unatumia wati 0.04. Viungo vya risasi viwe vya mviringo, visiwe na miiba, kisha ingiza mnyororo kwenye mrija wa teflon. Kabla ya kuuingiza, usafishe kwa isopropanoli na usiushike tena kwa vidole: kwa unyevu wa Dar, jasho la kidole ni njia ya umeme. Kuupima pia, usishike ncha mbili za mita kwa mikono miwili, utajipima mwenyewe.

Kabla chipu haijaingia, weka kipande cha chuma mahali pake, kiguse anodi (upande unaopewa volti kubwa, kwako ni skrini), panda taratibu hadi volti 2,000. Usome mikroampea 20. Ukisoma 30, mnyororo unavuja au rezista imekudanganya. Hapo hapo utakuwa umejaribu na mita.

Hata hivyo bado hujapona kabisa, kwa sababu anodi yenyewe ni kapasita. Skrini ya sentimita moja ya mraba kwa mikromita 150 ina karibu pF 6, yaani mikrojuli 12 kwa volti 2,000, na hiyo hakuna rezista ya nje inayoizuia. Kwa hiyo fosfa iache kwanza. Anza na goroli ya chuma cha pua ya milimita 2. Eneo dogo, chaji ndogo, na ukiharibu unaharibu kona moja ya chipu.

Mita ya mkondo iwe upande wa kathodi (chipu, inayotoa elektroni), kati ya chipu na ethi, siyo upande wa volti kubwa. Ikikaa kwenye kathodi, mvujo wa pini na kebo hauingii kwenye hesabu yako. Itangulizie rezista ya megaohm 1 na dayodi mbili zilizofungwa sambamba kwenda ethi, moja ikielekea kinyume cha mwenzake, za mvujo mdogo, uzifunike zisione mwanga. Na ukichora grafu ya Fowler–Nordheim (ile inayotoa mstari ulionyooka kama kweli elektroni zinachomolewa na uga wa umeme), ln(I/V²) dhidi ya 1/V, toa kwanza volti zinazoliwa na rezista. Kwa mikroampea 2 zimeliwa 200! Usipozitoa, mstari utapinda na utaanza kutuandikia humu kwamba umegundua fizikia mpya.

Pampu ya ombwe: ya tabo (yenye mapanga yanayozunguka kwa kasi kubwa), shinikizo lifike chini ya 10⁻⁷ mbar, 10⁻⁸ ni bora zaidi. Kwenye 10⁻⁶ uso wa ncha unafunikwa na gesi ndani ya sekunde chache, mkondo utarukaruka, na ioni zitaipiga ncha. Umeme ukikatika je? Volti kubwa ipitie kontakta inayojishikilia, yenye kitufe, ili TANESCO wakirudisha isiwake yenyewe huku pampu bado inazunguka kivivu.

Nguzo au ncha: ncha JUU ya nguzo. Tayo Akinwande na wenzake pale MIT walitengeneza nguzo nyembamba za silikoni, urefu wa mikromita kama 10 na kipenyo cha nanomita mia na kitu, chini ya kila ncha, makusudi ziwe kizuizi cha mkondo. Yaani rezista upande wa chipu, tena ndani ya chipu yenyewe, kila ncha na ya kwake. Halafu mtu anakuambia si lazima! Kama silikoni yako ni aina ya p utaona mkondo unafika mahali unagoma kupanda. Hapo elektroni zimepungua kwenye silikoni, na mwanga ukiingia dirishani unapanda tena, kwa hiyo ziba dirisha.

Kulikuwa na swali la umbali kati ya nguzo, nadhani. Mara mbili ya urefu wake, zikibanana zinakingana uga wa umeme.

Panda kwa volti 10, subiri dakika, panda tena. Lakini kabla ya hapo tuwekee picha humu, mnyororo wa rezista na pini ya chemba vionekane pamoja. Nikiona kebo katikati yake nitasema.