Uliza Ujibiwe: Nataka kusomea udaktari wa mifugo

Swali: Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Nina B ya Kemia, B ya Biolojia na C ya Fizikia. Kidato cha tano nichukue PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) au CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia)? Au nianzie diploma? (Msomaji, Mpwapwa)

Jibu: Chukua PCB. Wengi hukimbilia CBG kwa kuogopa Fizikia, lakini utaikuta tena mbele kwenye eksirei na altrasaundi.

Shahada ya Udaktari wa Mifugo pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, ni miaka 5. Usiichanganye na Sayansi ya Wanyama ya miaka 3: hiyo haikupi sifa ya kusajiliwa na Baraza la Veterinari kama daktari, na kila mwaka wapo wanaoligundua hilo wakiwa tayari darasani. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) inataka angalau pointi 4 kutoka masomo mawili ya kidato cha sita (A ni 5, E ni 1, S haihesabiwi kuwa ufaulu kamili). Pointi 4 hukufikisha mlangoni tu, maana nafasi hugombaniwa. Soma masharti ya kozi yenyewe katika mwongozo wa udahili wa mwaka utakaoomba.

Kinachowaangusha wengi ni Kemia, hasa vitendo. Tazama taitresheni, yaani kupima nguvu ya kimiminika kwa kukidondoshea kingine hadi rangi ibadilike. Mwanafunzi anasuuza chupa ya chini kwa tindikali ileile atakayoipima, matone yanabaki, na jibu linapanda. Isuuze kwa maji tu. Bureti (mrija wa kudondoshea) na pipeti (mrija wa kupimia ujazo) ndizo zisuuzwe kwa kimiminika chake. Ondoa faneli kabla ya kusoma bureti, weka jicho usawa wa sehemu ya chini ya mkunjo wa uso wa kimiminika, na rangi ikianza kusitasita teremsha tone mojamoja. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita za ujazo 0.2, rudia.

Diploma ya afya ya mifugo nayo ni njia halali, na kampasi ya LITA (Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo) unayo hapo hapo Mpwapwa. Ili ikupeleke chuo kikuu unahitaji GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Kwa alama zako, hata hivyo, kidato cha tano ndiyo njia fupi.

Swali: Nasubiri kuingia kidato cha tano, na nyumbani tuna ng'ombe na mbuzi. Nianze na nini? (Msomaji, Monduli)

Jibu: Anza na kipimajoto. Kile cha zebaki kikung'ute kwanza, kipake mafuta, kiingize njia ya haja kubwa ukikiinamisha kigusane na ukuta wa utumbo, ukishike dakika 3. Kikizama ndani ya kinyesi kitakudanganya. Ng'ombe mzima huwa kati ya nyuzi joto 38 na 39.3 za Selsiasi, mbuzi hupita hapo kidogo. Pima asubuhi na jioni, andika daftarini tarehe, mnyama na joto, ili uijue hali ya kawaida kabla ya kukutana na homa.

Jambo moja tunakusihi: mnyama akifa ghafla na damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani au njia ya haja, usimpasue, hata kwa kutaka kujifunza. Huenda ni kimeta. Ukimfungua, vijidudu hupata hewa na kujijengea ganda linalodumu ardhini miaka mingi, nawe unaweza kuambukizwa kupitia mkwaruzo mdogo tu. Wazuie watu na mbwa, nyama isiliwe, ngozi isichunwe, kisha mwite afisa mifugo.